Watoto Hamsini na Saba wa Mgambile

Siku ya kwanza darasani, Eustadia aliishika mausi ya kompyuta kama mtu aliyeshika kifaranga cha siku moja, akiogopa kukibana. Mshale ukakimbilia pembeni mwa kioo na kupotelea huko. Kijana wa kiti cha jirani, tabibu aliyetoka Nzega, akainama chini ya meza kuficha kicheko. Eustadia alimwona, akamwacha. Alishawazalisha wanawake wenye wana wa umri wa kijana yule, na hakuja Tabora mjini kushindana na mtu kwa wepesi wa vidole.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alizaliwa Lusu, kwenye familia ya wakulima Wakatoliki, akasomea uuguzi, akapangiwa zahanati ya kijiji cha Mgambile, huko ndani kabisa ukishaipita Ipole, mahali ambapo mtu hupimwa kwa mizinga yake ya nyuki na ekari zake za tumbaku. Wenzake waliopangiwa huko walikuwa wakilia, wakiandika barua za uhamisho. Yeye alikaa miaka kumi na tisa. Aliolewa hukohuko na Gerson, mrina asali wa Kimoraviani, mtu wa maneno machache, na makanisa mawili yakagombania ile ndoa kuliko walivyoigombania maharusi wenyewe.

Kilichomtoa Mgambile ni mgongo. Mama mjamzito aliletwa kwenye tela la trekta, anatoka damu, na hapakuwa na mtu wa kumshusha isipokuwa mumewe na Eustadia. Wakamshusha. Mama akapona, mtoto akapona, pingili za kiuno cha Eustadia hazikupona. Tangu siku ile hakuweza kuinama juu ya kitanda cha kujifungulia wala kumgeuza mgonjwa. Halmashauri ikamwandikia barua yenye njia mbili tu: aende mafunzo ya miezi sita ya mifumo ya taarifa za afya, na akifaulu awe mratibu wa mfumo kwa zahanati za upande wa Ipole, au astaafu kwa sababu za kiafya. Asipofaulu, ni njia ile ya pili. Eustadia aliogopa kukaa nyumbani kuliko alivyoogopa kompyuta, na kompyuta alikuwa akiiogopa kwelikweli.

Alifikia Kwihara, kwa binamu yake Apolinaria, mjane mchangamfu aliyelima karanga. Kila wiki magari ya wageni yalipita mbele ya nyumba yao kwenda kulitazama tembe la Livingstone. Apolinaria aliwapungia mkono kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Wanapita nyumba yenye watu wakaangalie isiyo na mtu." Asubuhi Eustadia alipanda bajaji hadi mjini, mto mdogo nyuma ya kiuno, daftari mkononi.

Mwalimu wake aliitwa Zeenat, binti wa miaka ishirini na minane, aliyezaliwa nyuma ya duka la vitambaa la baba yake hapohapo Tabora na kujifunza Kinyamwezi kwa wateja. Kila asubuhi mwalimu alimwamkia mwanafunzi, "Shikamoo, sista," na mwanafunzi akaitikia, "Marahaba, mwalimu," darasa zima likitabasamu. Lakini kwenye kazi Zeenat hakuwa na huruma. Eustadia aliposahau nywila yake mara tatu katika wiki moja na mfumo ukamfungia nje, binti alimwambia, "Sista, kwako kule ukisahau dozi unamwambia mgonjwa arudi kesho?"

Maneno yale yalimchoma. Tangu hapo Eustadia aliibeba kompyuta kichwani hata akiwa anabangua karanga. Alichora kibodi kwenye boksi la sabuni akaipiga kwa vidole vyote kumi huku Apolinaria akimsomea maneno kutoka kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani. Akakosea, akarudia. Mwezi wa tatu alikuwa anaandika bila kutazama chini. Mwezi wa nne yule tabibu wa Nzega ndiye aliyevuta kiti kumfuata, kwa sababu kijana alijua kubofya ila hakujua kwa nini safu ya surua dozi ya pili haiwezi kuwa na watoto wengi kuliko safu ya dozi ya kwanza. Eustadia alijua. Hakumcheka, ingawa nafasi aliipata.

Mwezi wa sita ukaja mtihani wenyewe. Kila mmoja achukue tatizo moja la kituo chake, alitatue kwa kutumia mfumo, kisha asimame mbele ya jopo alieleze. Eustadia hakuhitaji kufikiri. Kwa miaka mingi zahanati ya Mgambile ilikuwa na orodha ndefu ya watoro, yaani watoto walioanza chanjo wakakatiza njiani. Walikuwa hamsini na saba. Kila kikao cha wilaya Mgambile ilisomwa ya mwisho, na watu wakageuza shingo kumtazama.

Akatengeneza ujumbe wa simu. Mfumo ungechukua jina la mtoto na namba ya mzazi na kutuma wenyewe. Aliuandika kwa mkono kwanza, akaufuta, akauandika upya mpaka ukawa na adabu. "Mzazi mpendwa, mtoto wako fulani hajakamilisha chanjo. Tafadhali mlete kliniki Jumatano. Tunamsubiri." Jumatatu saa nne asubuhi akabofya. Kioo kikaonesha hamsini na saba zimetumwa, hamsini na saba zimefika. Zeenat akapiga makofi, na Eustadia alijisikia mtu. Hakuwa amejisikia hivyo tangu mgongo wake uumie.

Kesho yake mchana Gerson akapiga simu. Gerson hapigi simu mchana.

"Mama Ezekia," alisema, "umefanya nini huko? Zahanati imejaa akina mama."

"Si ndiyo nilichotaka? Wameleta watoto?"

"Wameleta simu. Wanataka kukurudishia hayo majina."

Hapo Eustadia akakaa chini. Alikuwa ameelewa kabla mumewe hajamaliza.

Kule Mgambile, mtoto akilia mfululizo bila kunyonya, au akidhoofu bila sababu inayoonekana, wazee hukaa na kusema kuna bibi au babu wa ukoo anayetaka jina. Mtoto hupewa jina la yule aliyetangulia, na lile la mwanzo linaachwa. Halitamkwi tena ndani ya nyumba, kwa kuwa ukilitamka unayaita maradhi yarudi. Mama anayekuja kliniki na mtoto wa namna hiyo hataji jina la zamani hata umbembeleze vipi, na kadi ya zamani haionekani tena. Eustadia alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle darasani. Miaka ya mwanzo aliwahi kubishana na akina mama, akaona wanaacha kuja. Basi akaona yaishe. Mama akija na jina jipya, alimpa kadi mpya, akamwandika mtoto kwenye mstari mpya, na ule mstari wa zamani ukabaki wazi. Aliona ni wema, na ulikuwa wema. Lakini mfumo hauna habari na wema. Mfumo uliona mtoto mmoja mpya na mtoto mwingine mtoro.

Na sasa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa amewatumia akina mama majina yaliyokatazwa, moja kwa moja hadi kwenye simu zao.

"Mwalimu, naomba ruhusa ya siku nne," alimwambia Zeenat.

"Sista, jopo ni wiki ijayo. Umeshapata matokeo mazuri. Ukiondoka sasa utaandika lini?"

"Hayo si matokeo. Ni matusi hamsini na saba."

Akapanda basi la Sikonge, kisha pikipiki ya kukodi, amejifunga mgongo kwa kanga mbili, akiuma meno kwenye kila shimo. Alizunguka kwa wale mama nyumba kwa nyumba. Wengine walimzomea kidogo, mmoja alimfungia mlango, bibi mmoja alimwambia kwa Kinyamwezi kwamba amesoma mpaka amerudi utotoni. Eustadia aliyapokea yote. Aliomba radhi kila mlango, bila kujitetea, na watoto waliomchungulia nyuma ya mama zao walikuwa wanene, wenye afya, wamechanjwa wote. Aliwachanja mwenyewe.

Siku ya pili akajifungia na madaftari ya zahanati. Alitaka kumwunganisha kila mtoto mtoro na mtoto mpya, lakini mistari mipya haikuwa na namba za simu, na majina ya akina mama yalijirudia mno; angewaunganishaje bila kumwuliza mama jina la zamani? Alifungua ukurasa, akaufunga, akafungua mwingine. Ndipo mwandiko wake mwenyewe ukamjibu. Mtoto anayezaliwa huchanjwa chanjo ya kifua kikuu begani, na kovu linabaki. Wale watoto wa majina mapya walipofika, aliwakuta na kovu tayari, na kwenye nafasi ya tarehe akaandika maneno mawili: kovu lipo. Mtoto mpya mwenye kovu la zamani. Akaanza kuyahesabu maneno hayo, akilinganisha na tarehe za kuzaliwa na kitongoji. Watoto arobaini na sita walipata pacha wao kwenye orodha ya watoro, mmoja baada ya mwingine, na hakuna mama aliyelazimika kutamka kitu.

Arobaini na sita. Walibaki kumi na mmoja.

 Kwa miaka yote wilaya ilipomwuliza Eustadia kuhusu watoro, alikuwa akicheka moyoni, akijisemea hawa si watoro, wamebadili majina tu. Akaacha kuwatuma wahudumu wa vijijini kuwatafuta. Na ndani ya kicheko chake, watoto kumi na mmoja walikuwa wamejificha bila kujua wanajificha. Alihisi aibu, aibu halisi, ile inayopasha masikio moto.

Gerson akampakia kwenye pikipiki yake. Aliijua misitu kwa ajili ya mizinga, na kambi za tumbaku alizijua kwa majina ya wenyewe. Watatu walikuwa wamehama na wazazi wao, na huko walikokwenda walichanjwa. Eustadia alipiga simu akahakikisha. Saba aliwakuta kambini, hawajamaliza chanjo, wazazi wao wakisema zahanati iko mbali na hakuna aliyewahi kuja kuwauliza. Akawaandika, akapanga siku ya chanjo kulekule kambini.

Wa kumi na moja aliitwa Samweli, mwana wa Kabula.

Kabula alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita hivi, anachambua majani ya tumbaku mbele ya bani la kukaushia. Alimtambua Eustadia tangu mbali. Hakumwamkia. Eustadia aliposimama mbele yake, akatoa simu ndogo kwenye pindo la kanga na kumwonesha ule ujumbe. Mtoto wako Samweli hajakamilisha chanjo. Tunamsubiri.

"Yuko wapi, mwanangu?" Eustadia aliuliza, ingawa alishaanza kujua.

"Surua ilimchukua mwaka juzi, wakati wa kupanda. Alikuwa na miezi ishirini na miwili." Sauti yake haikupanda. "Nilijifungua kwako, sista. Ulimdunga begani mwenyewe. Nikahamia huku, nikasema watakuja, mbona kwa wengine walikuwa wanakuja. Hamkuja. Sasa mnamsubiri."

  Machozi yakamtoka Eustadia palepale mbele ya bani, mbele ya vibarua, naye hakuyafuta.

"Nitalifuta jina lake kwenye mfumo," alisema mwishowe. "Hutaletewa ujumbe tena."

"Usilifute!" Kabula alisimama, majani yakamwagika. "Hana cheti. Kaburi lake halina hata kibao. Mahali pekee alipoandikwa ni kwenu. Andika kwamba alikufa. Andika na kilichomwua. Mtu akisoma asome."

Barabara nzima ya kurudi Eustadia alilifikiria hilo, na hakulifikiria peke yake; Gerson naye aliendesha akilifikiria. Kuandika kifo cha surua si kazi ya kubofya mara moja. Fomu inauliza mtoto alichanjwa surua au la. Kama hakuchanjwa, inauliza kituo gani kilihusika kumfuatilia, na inauliza nani alikuwa mfawidhi, yaani msimamizi, wa kituo hicho. Mfawidhi alikuwa yeye. Jopo lililokuwa likimsubiri mjini ndilo lingeamua kama atabaki kazini, na yeye angelipelekea karatasi inayosema kwamba mtoto alikufa chini ya uangalizi wake.

"Wakikurudisha nyumbani," Gerson alisema walipofika, akizima pikipiki, "mizinga haichagui mtu mwenye mgongo." Kwa Gerson hiyo ilikuwa hotuba. Eustadia akacheka kwa mara ya kwanza siku zile nne, kisha akaenda kupanga madaftari yake. Nia ilikuwa imeshakaa.

Siku ya jopo, mwenyekiti alikuwa Daktari Octavian, mtu mwema mwenye mvi aliyemfahamu Eustadia tangu zamani. Aliisoma kazi yake mapema, akamvuta kando kwenye veranda.

"Eustadia, mdogo wangu. Kazi hii ni nzuri mno. Ule ujumbe, yale makovu, wale saba. Lakini huyu wa mwisho hayumo kwenye swali la mtihani. Mweke pembeni kwa leo. Upite kwanza, mengine tutayashughulikia polepole."

"Shikamoo, daktari," alisema Eustadia, maana hakuwa amemwamkia. "Polepole ndiyo iliyomwua."

Akaingia. Walimpa kiti kwa sababu ya mgongo, akakisogeza, akasimama. Aliwaambia jopo kwamba jumbe hamsini na saba zilifika, na kwamba arobaini na sita kati yake zilikuwa kosa, na akaeleza kosa lilikotoka bila kumtupia mtu yeyote. Akaonesha jinsi ya kuunganisha mistari bila kumlazimisha mama avunje mwiko wake. Mjumbe mmoja, fundi wa mifumo aliyetoka Dar, aliacha kuchezea simu yake akaanza kuandika. Kisha Eustadia akafungua mstari wa kumi na moja, mfumo ukiwa umemulikwa ukutani, watu wote wakitazama, akaandika kwa vidole kumi, taratibu, akisoma kila neno kwa sauti. Samweli. Mwana wa Kabula. Miezi ishirini na miwili. Amefariki. Surua. Hakuchanjwa. Hakufuatiliwa.

Mfumo ukasimama kwenye nafasi ya mwisho, unauliza mfawidhi mhusika.

"Hapo si lazima kujaza leo," alisema mjumbe mmoja kwa upole.

"Haiendi bila kujazwa," alisema Eustadia. "Ndivyo mlivyoitengeneza, na mmeitengeneza vizuri." Akaandika jina lake, lote, la ubatizo na la baba yake. Akabofya.

Walimtoa nje saa nzima. Zeenat alikaa naye kwenye benchi, akamshikia mto wake. Walipoitwa ndani, Daktari Octavian alisoma kutoka kwenye karatasi kwa sauti kavu ya ofisini. Amefaulu. Hata hivyo suala la kifo litakwenda kwa mganga mkuu wa wilaya, na litaandikwa kwenye jalada lake la utumishi, na atapewa onyo la maandishi. Kazi ya uratibu ataifanya kwa miezi sita ya majaribio, zahanati zote za upande wa Ipole, aanze kwa kuwatafuta watoro wa kila kituo mmoja mmoja. Akakunja karatasi.

"Unalo la kusema?"

"Onyo ni langu," alisema Eustadia. "Naomba kuanza Jumatatu."

Jumatatu alianza. Kabla ya kwenda kituo chochote alipitia kambini kwa Kabula, amebeba ile taarifa imechapishwa, yenye muhuri wa halmashauri. Kabula alinawa mikono kwanza. Kusoma alikuwa anajua, ila polepole, kidole kikifuata mstari. Alilisoma jina la mwanawe. Akarudi akalisoma tena. Kidole kikashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa kikasimama.

"Hili hapa ni jina lako."

"Ni langu."

"Wamekulazimisha?"

"Hapana."

Kabula aliikunja karatasi mara mbili, akaiingiza kifuani, akaingia ndani ya kibanda. Alikaa huko kiasi cha kumfanya Eustadia afikiri ameachwa, akaanza kuinua begi lake. Kisha mama akatoka. Alikuwa amembeba mtoto wa kike wa miezi minne, mwenye usingizi, ambaye hakuna zahanati wala orodha wala simu iliyowahi kujua kama yupo. Begani hakuwa na kovu lolote.

"Shikamoo, sista," alisema Kabula. "Huyu nilikuwa nimewaficha. Mwandike."